Buluu Juu ya Manjano

Ngwali Jaribu alikuwa fundi wa kuyarudishia magari ujana kwa ndani. Kwa nje hakuyagusa. Bati lililoliwa na chumvi aliwaachia wenzake. Yeye alifungua milango yote minne, akaingia na ndoo ya maji ya sabuni, brashi ya kufulia na makopo yake ya rangi ya kupuliza, na siku ya tatu akitoka, dashibodi iliyokuwa imepauka kama kisigino cha mkulima inang'ara, na kapeti lililokuwa na madoa ya samaki, ya chai na ya watoto limesahau yote. Watu wa Chake Chake walikuwa wakisema kwamba ukitaka kumuuzia gari ndugu yako, mpelekee kwanza Ngwali.

Kazi hiyo hakufundishwa na mtu. Alianzia Tumbe, akipaka rangi baiskeli za wachuuzi wa samaki. Siku moja mchuuzi aliyenunua pikapu kuukuu akamletea kopo lenye maandishi ya Kijapani.

"Nimelikuta chini ya kiti," akamwambia. "Sijui dawa ya mbu, sijui dawa ya nini. Lichukue weye."

Ngwali akalijaribu ukutani, kisha akaipulizia kandambili yake nyeupe. Kandambili ikawa nyeusi. Akaivaa masika nzima, akaikunja, akaikanyagia tope, na weusi haukubanduka. Hapo ndipo alipojua kuwa kuna rangi inayokaa juu ya kitu kama vumbi, na kuna rangi inayoingia ndani ya kitu ikawa ndiyo kitu chenyewe. Baiskeli akaziacha. Akahamia Chake Chake, akakodi kiwanja chenye kivuli cha mabati nyuma ya soko.

Mambo yalimwendea vizuri mpaka vilipokuja vyama vingi.

Majina ya vyama sitayataja. Aliyekuwapo anayajua, na asiyekuwapo itamtosha kujua kwamba kimoja, chenye serikali, kilikuwa cha kijani na kimoja cha buluu, na kwamba Pemba ya miaka ile ilikuwa inaona rangi kuliko ilivyokuwa inaona watu. Palikuwa na duka la kijani na duka la buluu, na sukari ya maduka yote mawili ilishuka bandarini kutoka boti moja. Palikuwa na baraza ya kahawa ya kijani na baraza ya kahawa ya buluu. Wapo waliohamisha sala zao msikiti wa pili, wakapita mbele ya msikiti wa kwanza mara tano kwa siku ili wahakikishe wanaonekana hawaingii. Watu waliachana na wake zao. Watu hawakuzikana. Mimi nasema hivi kwa mzaha kwa sababu yamepita, lakini siku zile hakuna aliyecheka.

Sasa fikiria mtu ambaye kazi yake ni rangi.

Ngwali akajitafutia njia. Kila gari lililofika kwake, la ofisi au la mchuuzi, alilitia nyeusi. Mteja akiuliza kwa nini, humjibu, "Nyeusi haigombei jimbo, bwana." Sukari alinunua duka la kijani na majani ya chai duka la buluu, akidhani kwa hivyo atapendwa kote. Kumbe kote walimwona jasusi. Wa kijani walisema anapeleka habari kwa wa buluu, wa buluu walisema hivyo hivyo, na mtu mwenyewe jioni alikuwa anakunywa chai yake peke yake.

Ngwali alikuwa amefiwa na mkewe miaka sita nyuma alipomjua Bi Mwanamize Mgeni. Huyu alikuwa mwanamke wa Vitongoji, msuka mikeka, mtu wa miaka arubaini na ushei, aliyepewa talaka na mume wa kijani kwa sababu kaka yake alikuwa buluu. Kila Jumanne alileta mikeka yake sokoni Chake. Jumanne moja akapita kiwanjani kwa Ngwali, akasimama kwa mbali kama inavyopasa, akauliza:

"Fundi, samahani. Hino rangi yako haipauki?"

"Haipauki, Bi."

"Ya ukili wangu yapauka. Naichemsha sawasawa, naitia chumvi, na miezi mitatu tu mkeka washakuwa kama umeugua."

Ngwali akamweleza la kufanya. Jumanne ya pili akaja kumwambia kuwa amejaribu. Ya tatu akaja kumwambia kuwa imefaa. Ya nne hakuwa na la kusema na akaja vile vile. Basi Ngwali akamtuma mzee mmoja wa mtaani kwake apeleke posa Vitongoji, kwa kaka mtu, kwa sababu baba yao alikwisha kufariki na walii wa Mwanamize, mwenye haki ya kumuozesha, alikuwa ni huyo kaka, Soud Mgeni.

Soud alikuwa mnunuzi wa samaki, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, na buluu yake ilikuwa haina mfano. Mlango wa nyumba buluu. Madirisha buluu. Mbuzi wake alimfunga kwa kamba ya buluu, na wenye maneno walisema mbuzi yule alikuwa na kadi. Posa ilipofika hakusema ndiyo wala hapana. Asubuhi ya Jumatatu akaja mwenyewe kiwanjani kwa Ngwali, ndani ya gari lake dogo la Kijapani.

"Asalamu alaykum, fundi."

"Waalaykumu salaam, Mzee Soud. Karibu kiti."

"Sikuja kukaa. Limetajwa jambo nyumbani kwangu."

"Ndiyo, Mzee."

"Mie nasikia maneno mengi juu yako. Wengine wanambia weye wa kule. Wengine wanambia weye huna pahala, na huyo ndiye mbaya zaidi. Lakini mie simpimi mtu kwa maneno, nampima kwa kazi ya mkono wake. Gari hili hapa. Nalitaka buluu. Dashibodi buluu, milango buluu, na chini nako buluu. Nikitia mguu, naukanyagia buluu."

"Utaikanyaga, Mzee?"

"Unasemaje?"

"Nasema ntaitia, Mzee. Ntaitia."

Soud akamkabidhi ufunguo. "Ukimaliza ndipo tutazungumza hilo jengine," akasema.

Ngwali akafungua mlango, akainama kutazama chini. Kapeti lilikuwa la manjano. Halikuwa manjano la kupauka la kusamehewa, ni manjano la wali wa bizari, kama vile Mjapani aliyelifuma alikuwa na hasira na mtu.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana ndipo kisa kilipo. Rangi ya plastiki hufunika: uliyokuwa nayo chini haionekani tena. Lakini rangi ya kapeti haifuniki. Inaingia ndani ya uzi, inamkuta aliyemo, na wanakaa pamoja. Kapeti la manjano ukilitia nyeusi, linakuwa jeusi. Ukilitia kahawia iliyokolea, linakubali. Ukilitia buluu, mtoto yeyote aliyechezea rangi skuli anajua linatoka nini.

Na Ngwali alijua. Alijua akiwa bado ameinama. Lililobaki lilikuwa kuinuka na kumwambia mwenye gari. Akalipanga neno mdomoni: *Mzee, buluu haitashika humu.* Akalisikiliza, akaliona limekaa vibaya. Akalipanga upya: *Mzee, buluu peke yake hapa haiwezi.* Hilo lilikuwa baya zaidi. *Mzee, kwa hali ilivyo, buluu itatoka kijani.* La ilaha! Watu walikuwa wamepigwa mawe kwa maneno madogo kuliko hayo. Akainuka, akapangusa magoti.

"Inshaallah," akasema. "Ijumaa baada ya sala."

Soud akaenda zake kwa miguu, ameridhika.

Siku mbili za mwanzo zilikuwa za raha. Ngwali aliosha, akakausha, akapangusa plastiki kwa spiriti, akafunika vioo na viti kwa magazeti. Akapuliza kidogo kidogo, mkono unakwenda na kurudi, akiacha kila mpako ukauke kabla ya mwingine. Dashibodi ikatoka buluu safi. Milango ikatoka buluu. Akasimama nyuma akajisifu mwenyewe, maana hapakuwa na mwengine wa kumsifu.

Alhamisi akaingia kwenye kapeti. Alijiambia kuwa pengine rangi ya kopo hili ni nzito. Alijiambia kuwa pengine Mungu atasaidia. Akapuliza upande wa dereva, akasugua kwa brashi ili rangi ifike kwenye mzizi wa uzi, akangoja. Kapeti likawa kijani kama jani la mgomba.

Akapuliza tena. Likawa kijani la kukolea, la kampeni, la shati jipya siku ya mkutano. Akapuliza mara ya tatu, na kila buluu aliyoiongeza ilizidi kuupa ukijani heshima. Akaenda dukani mbio kutafuta kopo la nyeusi. Lilikuwa limekwisha, mpaka boti ya Jumamosi. Akarudi, akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari, miguu nje, akautazama mchanga.

Ijumaa baada ya sala Soud akafika, amevaa kanzu, na nyuma yake wenzake wawili wa msikitini aliowaleta waone. Akafungua mlango wa mbele. Akaona dashibodi, uso ukamfunguka. "Haya!" akasema. "Haya, sasa!" Kisha akatazama pa kuweka mguu.

Mguu ukabaki hewani.

"Ngwali."

"Naam, Mzee."

"Nini hichi?"

"Kapeti, Mzee."

Mmoja wa wale wawili akachungulia juu ya bega lake. "Soud, hili kapeti ama bendera?"

"Pole, ndugu yetu," akasema wa pili. "Naona umeshapewa na tawi. Bado mlingoti tu."

Soud alikuwa mtu wa sauti, na siku hiyo hakupaza. Hilo ndilo lililomtisha Ngwali. "Nilikupa gari langu," akasema polepole, "nikakwambia neno moja. Moja tu. Na weye ukaniandikia jibu chini, pa kukanyagia, ili kila siku nilisome." Akaokota boksi la katoni lililokuwa pale kiwanjani, akalipasua, akalitandika chini ya miguu yake asije akagusa. Akawasha gari. "Na posa yako," akasema dirishani, "ifute."

Habari hiyo ilifika Vitongoji kabla ya gari.

Bi Mwanamize akangoja siku nne, kaka yake apoe. Siku ya tano akamuuliza sababu ya kumkataa Ngwali. Soud akasema, "Sababu naijua mwenyewe." Mwanamize hakubisha. Alifunga ukili wake, akavaa buibui, akapanda gari la abiria mpaka Chake, akaenda moja kwa moja kwa kadhi. Akamwambia kuwa yeye ni mtu mzima aliyekwisha olewa na kuachwa, ameposwa na Muislamu, ameridhia, na walii wake anamzuia na hataki kusema kwa nini.

Kadhi alikuwa shehe mkongwe mwenye daftari kubwa na sauti ndogo. Akawaita wote watatu Jumatano ya wiki iliyofuata. Soud akaja na gari, katoni chini.

"Soud," akaanza kadhi, "huyu Ngwali anasali?"

"Anasali, Shehe."

"Mlevi?"

"Sijasikia."

"Ana maradhi anayoyaficha? Tabia mbaya? Amewahi kumpiga marehemu mkewe?"

"Hapana. Lile neno la haki nitalisema, hapana."

"Basi umemkatalia nini?"

Soud akatazama dari. Akatazama dirisha. Jambo ambalo kwa siku kumi na mbili lilikuwa kubwa kama mlima, barazani, msikitini na kwenye mnada wa samaki, mle ndani ya ofisi likaanza kumpungukia mdomoni.

"Kapeti, Shehe."

"Kapeti gani?"

"La gari."

Kadhi akainuka kwa taabu, akavaa viatu, akatoka nje. Wote wakamfuata. Akafungua mlango wa gari, akainua katoni kwa ncha ya bakora, akatazama kwa muda kama mtu anayesoma.

"Mie naona kapeti la kijani," akasema.

"Basi ndilo hilo, Shehe!"

Wakarudi ndani. Kadhi akakaa, akafungua daftari, akachovya kalamu. "Niandike hivyo? *Walii amekataa kwa sababu ya kapeti la kijani.* Maana hapa panaandikwa, Soud, na huandikwa yakabaki. Wajukuu zako wakija kutafuta hati ya shamba, watalikuta."

"Usiandike kwanza," akasema Soud.

Kadhi akamgeukia Ngwali. "Na weye. Ulikusudia kumkejeli mwenzako?"

"Wallahi sikukusudia."

"Basi ilikuwaje? Rangi ilikuwa mbovu?"

Mlango wa kujiokoa ulikuwa wazi, na Ngwali aliuona. Angesema tu *ndiyo, ilikuwa mbovu*, na lawama ingekwenda kwa kopo, na kopo halina ukoo Pemba. Soud mwenyewe alimtazama kama anayemwomba alichukue neno hilo, yaishe. Lakini pembeni alikaa Bi Mwanamize, mikono juu ya magoti, na vidole vyake bado vina rangi ya ukili. Huyu alijua rangi. Ngwali angesema uongo huu, angemwoa mwanamke anayejua kuwa ni uongo.

"Rangi ilikuwa nzima, Shehe," akasema Ngwali. "Kosa langu mie. Nilijua tokea siku alipolileta. Buluu juu ya manjano haiwi buluu."

"Ulijua?" Soud akaruka. "Ulijua ukanyamaza?"

"Nilinyamaza, Mzee."

"Kwa nini?" akauliza kadhi.

"Nilichelea. Kila nikilipanga lile neno mdomoni, nalisikia limeshaingia chama. Nikaona bora liharibike kapeti. Kumbe yaliyoharibika mengi."

Soud akageuka huku na huku, kama anayetafuta shahidi. "Yaani mtu mzima, fundi, anachelea kunambia mie rangi ya kapeti langu mwenyewe? Mie? Mie mtu wa kuogopwa hivyo?"

Kadhi akasafisha ncha ya kalamu.

"Kaka," akasema Mwanamize taratibu, "mlango wako wa mbele wakwaruza chini tokea masika. Kila asubuhi naunyanyua kwa goti nipite. Sijakwambia."

"Kwa nini hukunambia?"

"Mlango wa buluu, kaka. Nilichelea utasema nauonea."

Soud akautazama mlango wa ofisi.

"Na mama yetu," akaendelea Mwanamize, "katia rangi ukili mbele ya macho yako maisha yake yote. Buluu kwenye chungu cha manjano, watoka ukili gani? Na mama naye tuseme alikuwa wa kule?"

Kadhi akaona yametosha. Akamweleza Soud kuwa walii anayezuia bila sababu ya sheria nafasi yake hushikwa na kadhi. "Chagua. Utamuozesha weye, ama nitamuozesha mie, hapa hapa ofisini."

Soud alikuwa ameshaanza kulegea, lakini neno *ofisini* likamwamsha. Akatazama ukutani, akaiona nembo ya serikali, na picha ya mkubwa iliyotundikwa, na akakumbuka ofisi ile ni ya nani na mshahara wa kadhi unatoka wapi.

"Serikali?" akasema. "Serikali imuozeshe dada yangu? Haiwi! Haiwi kabisa! Naozesha mwenyewe, na iwe Ijumaa hii, kabla hamjaniwahi."

Kadhi akafunga daftari bila kuandika kitu.

Boti ya Jumamosi ilikuwa imeshaleta makopo ya nyeusi, na kwa ridhaa ya Soud, Ngwali akalitia kapeti lile mpako mmoja tu, likakaa. Kabla ya hapo, bwana mmoja wa ofisini, mtu wa kijani, alisikia habari za gari la Soud na akaja kutaka kulinunua kwa moyo wote, maana aliambiwa chini ni kijani. Akafungua mlango, akaiona dashibodi, akasalimia, akaenda zake.

Nikahi ikafungwa Vitongoji barazani kwa Soud. Watu walijaa kuliko ilivyotarajiwa. Wa buluu walikuja kuona kama wa kijani watathubutu kuja, na wa kijani walikuja kwa sababu hiyo hiyo, na wakapangwa pande mbili za baraza, hawatazamani. Lakini masinia ya pilau yalikuwa machache, na pilau ya Bi Mwanamize ilisifika. Wakasogea.

Soud aliozesha kwa sauti yake yote. Alikuwa amevaa kanzu mpya aliyoishonesha kwa haraka, imembana tumboni mpaka vifungo vilikuwa vinavuta pumzi. Watu wote walikuwa wameiona, na wote walimpongeza. Alipomaliza kupeana mikono na Ngwali, hakuuachia mkono.

"Sasa weye shemegi yangu," akasema.

"Alhamdulillahi."

"Shemegi hanichelei."

"Inshaallah, Mzee."

"Si Mzee. Shemegi. Nambie kweli. Hino kanzu imenikaaje?"

Vichwa vikageuka, upande huu na upande ule. Ngwali akamtazama kuanzia shingoni mpaka chini. Ndani, nyuma ya pazia, wanawake nao walikuwa wamesogea kusikiliza.

"Imekubana, shemegi," akasema. "Imekubana sana."

Soud akavuta pumzi kubwa, na kifungo kimoja kikaruka mpaka kwenye sinia la halua. Akakitazama. Akakitazama tena.

"Ndivyo nilivyodhani," akasema, akafungua vya chini yake viwili, akakaa kitako karibu na Ngwali, akaanza kula.